Daftari la Majina ya Watoto

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza wala kiti. Nilipewa daftari la mwanafunzi la kurasa mia moja, lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake, na kalamu iliyokuwa ikivuja. Aliyenipa alikuwa Mwenyekiti wa Tawi la chama chetu pale Kibugu, Embu ya juu, ambako mashamba ya majani chai hupanda mpaka yakakutana na msitu wa Mlima Kenya. Alikuwa mzee mfupi wa sauti nene, mkulima wa chai na mzee wa kanisa, na hakupenda maneno mengi kabla hajanywa chai ya saa nne.

"Utaenda nyumba kumi na mbili," aliniambia. "Usiombe kura hata moja. Niletee majina ya watoto, darasa lao, na kile mzazi anataka mtoto awe."

"Na nikiulizwa chama kinataka nini?"

"Sema umetumwa kuuliza kwanza. Mtu wa huku hapigi kura yake, mama. Anapiga ya mtoto wake. Sasa anza na wako, nione mwandiko."

Nikaandika mstari wa kwanza: Murithi, miaka mitatu, mama yake anataka awe wakili. Mwenyekiti akausoma, akakohoa. "Na baba yake anataka nini?" Nikajibu kwamba baba yake bado hajaambiwa. Alicheka hadi chai ikamwagika, nami nikajua kwamba kazi nimepata.

Kazi yenyewe iliitwa uhamasishaji wa mashinani. Mhamasishaji ni yule anayetembea nyumba kwa nyumba kabla mgombea hajatokea, na anayebaki hapo mgombea akishaondoka. Mgombea ana gari na kipaza sauti. Mhamasishaji ana viatu. Nimevaa na kumaliza viatu vingi katika kazi hii, na sijutii hata jozi moja.

Vijana wa siku hizi wakisikia neno mhafidhina hudhani ni mtu wa kukataza muziki. Acheni niwaeleze, maana nimeitwa hivyo miaka yote na sijawahi kukana. Sisi tuliamini nyumba kwanza, kanisa na shule kando yake, na serikali ifuate nyuma kwa adabu. Tuliamini mzazi ndiye anayemjua mtoto wake, si mtu wa ofisini. Na tuliamini kuwa kabla hujang'oa mti wa mpaka unamwita jirani, hata kama mti wenyewe umeuchukia tangu utotoni. Basi, huo ndio uhafidhina wetu wote, na mwenye kutaka kuucheka acheke akiwa ameketi.

Pale Kibugu nilijifunzia kazi kwenye kituo cha kununulia majani chai. Mume wangu alikuwa karani hapo, Mmeru wa Githongo aliyeletwa Embu na kazi. Wakulima walileta vikapu vyao, wakasubiri lori la kiwanda, na katika kusubiri huko mtu husema mambo ambayo hangeyasema kanisani. Mwenyekiti alinifundisha nisisimame mbele yao kama mwalimu, nisimame kati ya vikapu. Pia nisiulize habari za mtoto bila kutaja jina lake. Ukisema "watoto hawajambo?" umesalimia tu. Ukisema "Njeru alipona kile kidole?" mama anaweka kikapu chini.

Siku moja nilimsimulia kwa kicheko habari za baba mmoja aliyetaka mwanawe awe rubani, na baba huyo hajawahi kuiona ndege ila ile inayopita juu ya mlima. Mwenyekiti hakucheka.

"Hiyo si ya kucheka," alinikaripia. "Hiyo ndiyo mali ya huyo mtu. Shamba lake robo eka, lakini hapo kwa rubani ako na kitu kikubwa. Ukimcheka, umemwibia."

Niliona haya. Mtoto yule leo anaendesha lori la kiwanda, na baba yake, mzee kabisa, husimama barabarani kumpungia mkono kila likipita. Mimi nimekoma kucheka ndoto za watu tangu siku ile, ingawa wanasiasa nimewacheka sana.

Baba mkwe alipofariki, tulihamia Githongo kushika shamba la kahawa, na chama kikanihamisha pamoja na mume, jambo ambalo serikali yenyewe haifanyi. Hapo nilikuwa chini ya Mratibu wa Wilaya, mwalimu mkuu mstaafu aliyevaa tai hata akienda kuangalia ng'ombe. Alisahihisha ripoti zangu kwa wino mwekundu na kuzirudisha.

Yeye ndiye aliyenifundisha kikao cha jikoni. Unaalika wanawake wanane katika jiko la mmoja wao, si zaidi, kwa sababu wa tisa hukosa pa kukaa, na asiye na pa kukaa hutoka kwenda kusimulia kabla hamjamaliza. Mnamenya viazi mkizungumza. Hakuna hotuba. Kila mmoja anasema jambo moja linalomnyima raha kuhusu wanawe, na ukisikia jambo lile lile kutoka kwa watu watatu, hilo ndilo la kumpelekea mgombea. Alinifundisha pia kuchagua ajenti, yaani mtu anayekaa ndani ya kituo cha kupigia kura kulinda kura za chama hadi hesabu iishe na fomu itiwe sahihi.

"Tafuta mama aliyelea mapacha," Mratibu alisema. "Huyo hawezi kulala na hawezi kudanganywa nani amekula na nani hajakula. Na umpe chakula asubuhi. Ajenti mwenye njaa ni ajenti wa yule mwenye mkate."

Kwa njia hizo hizo tuliihamisha baa iliyokuwa imefunguliwa mkabala na lango la shule ya msingi. Hatukuvunja hata chupa. Akina mama wa vikao vya jikoni walibeba njahi zao, yale maharagwe meusi, kila asubuhi, wakaketi kwenye baraza ya baa ile wakichambua, wakimsalimia kila mteja kwa jina lake na jina la mama yake. Nani atakunywa hapo? Baada ya majuma matatu mwenye baa alihama kwa hiari, tena akatuomba tumsaidie kubeba viti. Tulimsaidia.

Katika miaka hiyo Murithi alikua, akasoma vizuri, akamaliza Fomu Nne na alama za kuniinua kichwa, akaingia chuo kusomea sheria. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi nilikuwa Mama Murithi kwa kila mtu, tangu mchuuzi wa ndizi hadi Mratibu mwenyewe. Nikawa na mazoea ya kufunga kila hotuba kwa maneno haya: "Mimi niliandika wakili kwenye daftari, na leo mwanangu anasomea uwakili. Na wewe unaweza." Watu walipiga makofi sana, na mimi nikayapenda makofi.

Mwaka wa pili Murithi aliacha chuo. Hakufukuzwa, hakuugua. Alienda Laare, kwenye vilima vya Nyambene, akaanza kufunga na kupakia miraa, yale matawi machanga ya kutafunwa. Alituambia kwa simu, kwa heshima, kwamba vitabu vile vilikuwa vyangu, si vyake. Mume wangu alinyamaza siku mbili kisha akaanza tena kuongea naye. Mimi sikuongea naye miaka miwili. Na haya nayasema kwa sababu nimezeeka na uongo umenichosha: sikubadilisha hotuba yangu. Niliendelea kusema mwanangu anasomea uwakili, na makofi yakaendelea.

Sasa tazameni jinsi Mungu anavyopanga. Wilaya zilikuwa zimeshageuzwa kaunti, na Mratibu wa Kaunti alikuwa kijana mwenye simu mbili, anayezungumza na zote kwa pamoja. Akaniita ofisini.

"Mama Murithi, wewe ndio mtu wangu wa ground," akasema. "Nakutuma Laare. Hiyo wadi tumeikosa mara mbili. Mgombea ni mzuri, lakini wazazi wa huko hawatusikii."

Nilitaka kukataa. Lakini mtu aliyewaambia watu miaka ishirini kwamba wajibu ni wajibu hawezi kukataa kituo kwa sababu ya mwanawe. Nikaenda. Nilipanga chumba upande wa juu wa soko, na nikawa napitia njia ya nyuma ili nisikutane na wapakiaji.

Shida ya Laare niliipata katika kikao cha jikoni cha kwanza. Miraa huchumwa asubuhi, hufungwa haraka haraka, na magari huondoka yakikimbia kwa sababu jani likilala limepoteza thamani. Siku za kuchuma mikono huwa haitoshi, basi watoto walikuwa wakitolewa darasani kwenda kuchuma na kufunga. Darasa la watoto arobaini lilikuwa likibaki na kumi na watano. Mama mmoja, Mama Kananu, alishika kiazi mkononi bila kukimenya.

"Mimi nimezaa watoto watano," alisema. "Huyu Kananu peke yake ndio anapenda kitabu. Ako darasa la saba. Anataka kuwa nurse, na mimi nataka hivyo. Lakini wajomba zake wanamtoa shule kila siku ya kuchuma. Mwalimu amesema akiendelea hivi hatafanya mtihani. Na akitolewa huu mwaka, Mama Murithi, harudi."

"Baba yake anasemaje?"

"Baba yake anasema vile wazee wanasema. Na wazee hawajasema kitu."

Nikaandika: Kananu, darasa la saba, mama yake anataka awe nesi. Nikamwahidi kuwa nitazungumza na wazee. Katika kazi yetu ahadi kama hiyo ni sawa na kiapo, kwa maana mama yule hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Basi nikaenda kwa baraza la wazee kama nilivyozoea kwenda kila mahali. Nilibeba ilani ya chama, yaani kile kitabu cha ahadi zetu, nikabeba kreti mbili za soda na mikate. Wazee walikuwa tisa katika ukumbi wao wa mabati, na kiongozi wao aliitwa Mzee Ntongai, mrefu, mwembamba, mwenye fimbo nyeusi. Nilizungumza vizuri, najua nilizungumza vizuri. Niliomba watamke kwamba siku ya shule mtoto asionekane shambani. Walikunywa soda. Mzee Ntongai akasema, "Ni sawa, mama. Tumesikia. Karibu tena." Wote wakatikisa vichwa.

Nilitoka hapo nikiwa nimeshashinda uchaguzi kichwani mwangu. Juma lililofuata nilienda shuleni siku ya kuchuma. Watoto kumi na watatu. Kiti cha Kananu kilikuwa kitupu.

Nikadhani wazee wamenidanganya, nikakasirika. Nikaitisha mkutano wa hadhara sokoni na nikazungumza kwa ukali kuhusu wazazi wanaokula kesho ya watoto wao. Nilipomaliza kwa ile hotuba yangu ya uwakili, mwanamume mmoja mwenye koti la kijani akainua mkono.

"Mama, wewe unaitwa Mama nani?"

"Mama Murithi."

"Na huyo Murithi ako korti gani? Sababu mimi namjua. Ako hapo chini, anafunga miraa na sisi. Kijana mzuri sana. Sasa wewe umeshindwa na mmoja na unataka kufunza sisi tuko na saba?" Watu wakaangua kicheko, naye akanimalizia kwa upole, na upole ule ndio uliouma: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, mama."

Nilishuka jukwaani bila kuaga. Niliona aibu. Niliona aibu ya mwanangu, kisha nikaona aibu zaidi kwa sababu ya kuionea aibu damu yangu, na kwa sababu yule mtu alisema "kijana mzuri sana" na mimi nilikuwa sijasema hivyo miaka miwili. Miguu yangu ikanipeleka moja kwa moja kwenye banda la kufungia miraa.

Murithi alikuwa ameketi kwenye gunia, mikono ikifunga bila macho kuangalia. Aliponiona alisimama, akafuta kiti kwa shati lake. Hatukusalimiana kwa maneno. Nilikaa, nikamweleza yote, kuanzia Kananu hadi koti la kijani. Nilipofika kwenye kreti za soda alishika kichwa.

"Mum. Uliwapelekea wazee soda?"

"Na mikate."

"Na hukubeba miraa?"

"Mimi nimeokoka, Murithi."

Alicheka, lakini si kwa dharau. "Huku mtu akitaka msichana wa watu, anapeleka kitita cha miraa cha heshima. Akikosea mtu, anapeleka. Akitaka kuomba wazee kitu, anapeleka. Inachaguliwa kwa miti ya zamani, inafungwa kwa majani ya mgomba, kuna vile inafungwa. Bila hiyo wewe umewasalimia tu. Hawakukudanganya. Hujaomba kitu bado."

Miaka yote nilikuwa nimehubiri mila na desturi katika kila jiko la Embu na Meru, halafu nikaenda kwa walinzi wenyewe wa mila na soda ya kiwandani. Kama ni mtu mwingine aliyefanya kosa hilo ningemsimulia miaka kumi.

"Basi nifungie," nikasema. "Nitabeba."

"Wewe huwezi kubeba. Mwanamke habebi. Inabebwa na mwanaume wa nyumba yako."

Mume wangu alikuwa Githongo na mguu uliovimba, hawezi kupanda gari. Mwanamume mwingine wa nyumba yangu alikuwa mmoja tu, naye nilikuwa nimempitia njia ya nyuma majuma matano. Kwa mawazo alikuwa ameshanitangulia. "Nitapigia baba simu anitume," alisema. "Lazima nitumwe na yeye, si na wewe."

Akina mama wa kanisa walinijia kwa huruma, wakaniuliza kama kweli mtu aliyeokoka atatangulizwa na miraa. Niliwaambia kwamba siendi kutafuna, naenda kuomba, na kwamba mgeni huingia kwa mlango wa mwenye nyumba. Mmoja hakunisalimia hadi Pasaka.

Tulienda asubuhi. Murithi alivaa koti la baba yake nililokuwa nimelikunja kwenye sanduku langu bila kujua kwa nini. Alivua kofia mlangoni, akapita mbele, akakiweka kitita mbele ya Mzee Ntongai kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua tatu. Mzee alikigeuza, akatazama fundo kwa muda mrefu.

"Nani amefunga hii?"

"Ni mimi, mzee."

"Wewe ni wa nani?"

"Wa huyu mama. Baba ako Githongo, mguu unamsumbua. Amenituma."

Mzee Ntongai akaniangalia kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuniona. "Sasa mama aongee," alisema.

Ilani niliiacha kwenye kikapu. Nilifungua daftari nikawasomea. Jina la mtoto, darasa lake, na mzazi anataka nini. Mwiti, darasa la tano, baba yake anataka awe mhandisi wa barabara. Karimi, darasa la sita, mama yake anataka awe mwalimu. Na wa mwisho kabisa, Kananu, darasa la saba, nesi. Nilisoma kurasa tatu polepole. Kuna mzee aliyeomba nirudie jina moja, kwa kuwa hakujua kama mkewe ana ndoto hiyo kwa mtoto wao. Nilipofika mwisho Mzee Ntongai akasema kwa sauti ndogo, "Huyo wa mwisho ni mjukuu wangu."

Kisha akamgeukia Murithi. "Wewe unakula kwa miraa. Na umeacha shule, tunajua. Unasema nini?"

Huyu kijana sikuwa nimemwambia la kusema, na ningemwambia lingekuwa baya.

"Miraa imenilisha, siwezi kuitukana," alisema. "Lakini mimi nilikuja kwa mti nikiwa nimesoma. Wanunuzi wakileta karatasi, watu wa banda wananiletea mimi niwasomee, hata wenye wamenizidi miaka. Hawa watoto wakija sasa, nani atawasomea? Mti hauendi mahali, wazee. Utangoja. Darasa la saba halingoji mtu."

Mzee Ntongai alifungua majani ya mgomba, akatoa tawi moja, akampa wa kulia kwake, na kitita kikazunguka ukumbi mzima. Hapo ndipo nilijua kuwa tumepokelewa. Walizungumza kwa Kimeru cha ndani nisichokifuata vizuri, mimi mtoto wa Embu, lakini mwisho niliuelewa: siku ya shule mtoto haingii shambani hadi kengele ya jioni, na nyumba itakayovunja itatoa mbuzi. Mtaniuliza kama nilitafuna. Sikutafuna. Lakini tawi langu nililishika mkononi mpaka mwisho, na sikuona dhambi yoyote ndani yake.

Njiani nilimwambia Murithi, "Nimekuwa nikidanganya watu juu yako."

"Najua, Mum. Hizo hotuba zako tunaonanga kwa simu hapa bandani."

"Na hukusema kitu?"

"Ulikuwa unafurahi sana ukisema."

Nililia pale barabarani, boda boda zikitupita na mizigo yao, na sikujali nani ananiona. Kwenye mkutano uliofuata nilisimama nikasema mwanangu ni mfungaji wa miraa wa Laare na ndiye aliyewafungulia watoto mlango. Yule mwenye koti la kijani alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Uchaguzi tulishindwa. Ndiyo, tulishindwa, kwa kura chache. Mratibu wa Kaunti alikuja na simu zake mbili, amefura.

"Mama Murithi, tulikutuma kura, umetuletea wanafunzi!"

"Nenda shuleni uwaone," nikamjibu. "Wako arobaini. Hao wana wazazi, na wazazi wana kumbukumbu."

Hakuenda. Lakini uchaguzi uliofuata wadi ile tuliichukua bila jasho, na ajenti wetu mkuu alikuwa Mama Kananu. Hakuwa amelea mapacha, ila hakusinzia hata dakika moja. Kananu mwenyewe alifanya mtihani wake, akaendelea, na leo yuko chuo cha uuguzi. Mwakilishi aliyeshinda mara ile ya kwanza ameshasahaulika, na huyu wetu naye siku moja atasahaulika. Lile neno la wazee bado liko, na mbuzi waliotolewa ni wawili tu tangu siku hiyo.

Nimestaafu sasa. Vijana walioshika kazi yangu wana vikundi vya simu, hutuma ujumbe mmoja ukafika wadi nzima kabla sijafunga kamba ya kiatu. Siwaonei wivu. Nawaambia tu kwamba ujumbe haumuulizi mtu kidole cha mtoto kimepona. Wakitaka ushauri wangu zaidi ya huo waje Githongo, viazi vipo, watanisaidia kumenya.

Siku ya kukabidhi ofisi, Murithi alikuja na gari lake kunibebea masanduku. Siku hizi ana gari na wafungaji sita, na hakuna aliye chini ya miaka kumi na minane. Aliokota daftari la kwanza kabisa, lile lenye jedwali la kuzidisha, akalifungua. Nilimwona akisoma mstari wa kwanza.

"Wakili," alisema. "Pole, Mum."

"Pole ya nini? Nilikuwa na wakili asubuhi moja kwa wazee, na kesi tulishinda. Weka kwenye gari."

Hakuweka. Alichukua daftari la mwisho, akageuza hadi mwisho, akaona mstari mmoja haujaandikwa. "Huu ni wa nani?"

"Wa yeyote."

"Basi andika Kathambi." Kathambi ni binti yake, wa miaka mitano, alikuwa nje akipiga honi ya gari.

Nikatafuta kalamu. Nikamwita kwa jina ambalo sikuwahi kumwita, kwa sauti ile ile niliyowaitia wazazi wa watu miaka yote. "Baba Kathambi, unataka mtoto awe nini?"

Kijana huyu hufunga kitita akiangalia kwingine na kuzungumza na watu watatu. Hapo alisimama na mikono mitupu, akafikiri mpaka honi ikalia mara nne.

"Andika apite pale mimi niliachia," alisema. "Akishapita hapo, atasema mwenyewe."

Nikaandika hivyo hivyo, kwa maneno yake, kisha nikampa kalamu atie sahihi, jambo ambalo sikuwahi kumwomba mzazi yeyote.